Mke Mwenza Mwenye Mkia

12 Januari

Wifi yangu,

Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima, wewe na hao watoto wako wa miguu minne. Huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo mzima kabisa. Jana kaniambia pindo la gauni nililomshonea limepinda kama njia ya mlevi, nikalifumua. Shule zinafunguliwa, basi kibandani kwangu ni sare juu ya sare, cherehani haipoi. Kaka yako anasuka viti vya ukumbi mmoja mkubwa. Vidole vimeota sugu, akinipapasa shavu nasikia kama msasa.

Naandika kwa kalamu, na sababu unaijua: simu za nyumba hii hazina siri. Ya mume wangu inasoma kila kitu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na ndivyo nilivyozisikia habari zako. Nilikuwa napiga pasi. Simu ikatangaza: "Kaka, mbwa wako anaendelea vizuri, katikati ya mwaka atakuwa tayari." Mbwa wako! Sketi ya mteja ikaungulia palepale.

Nikamwuliza, "Mbwa gani?"

"Wa kuniongoza."

"Akuongoze kwenda wapi ambako mimi sikupeleki?"

Akaanza kupiga mluzi. Unamjua akianza mluzi.

Wifi, tangu nimeolewa mkono wa kaka yako uko kwenye bega langu la kushoto. Asubuhi namfikisha karakana, jioni namfuata, hata nikiwa na homa. Magauni yangu yote huchakaa bega la kushoto kwanza. Mtaani wanatuita Siafu, kwa kuwa tunatembea tukifuatana. Sasa niambie, bega langu limekosa nini? Kama ananiletea mke mwenza, semeni tu ni mke mwenza, tofauti ni kwamba huyu ana mkia.

Mke wa kaka yako


4 Februari

Wifi mpendwa,

Barua yako nimeisomea sakafuni, maana siku hizi kiti changu ni sakafu. Mwambie Mama namtumia dawa ya kuchua magoti, na asimgawie jirani. Mimi mzima, kasoro mafua ya manyoya.

Mbwa anaitwa Karanga, kwa ajili ya rangi yake. Ni jike, kabla hujauliza. Alipokuja alikuwa anaogopa kila kitu: ndoo, mwavuli, kivuli cha mwavuli. Wakufunzi wenzangu wa shule hii ya mbwa walisema huyu atarudishwa. Sikumvuta wala sikumfokea. Niliweka ndoo uani, nikakaa kando yake nikasoma gazeti. Kesho yake tena, na siku zilizofuata, mpaka asubuhi moja akaja mwenyewe, akainusa ndoo, akajilaza kwenye miguu yangu. Kazi yetu ndiyo hiyo. Huwezi kumlazimisha mbwa akuamini. Unakaa tu mahali ambapo siku akiamua atakukuta. Ukimpiga atakutii, lakini macho yake yatakuwa kwenye mkono wako badala ya barabara. Kaka anahitaji mbwa anayetazama barabara.

Unauliza bega lako limekosa nini. Halijakosa kitu. Lakini mkono ule naujua, wifi. Kabla haujawa kwako ulikuwa kwangu, tangu macho yake yalipoanza kufifia, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, mpaka siku ya harusi yenu. Uliunyanyua begani kwangu mbele ya watu wote ukauweka kwako, nami nikabaki nimeshika maua. Siku ile hakuna aliyeniuliza bega langu limekosa nini.

Mbwa ameomba mwenyewe. Sababu aliniambia, akaniapisha nisiiseme. Muulize yeye.

Wifi yako wa mabandani


22 Aprili

Wifi,

Nimechelewa kujibu. Ningesema ni kazi, lakini ni hasira. Nilikuwa naandika nachana, naandika nachana. Mama hajambo. Dawa imefika, nusu kampa jirani.

Nilimwuliza kaka yako tukiwa mezani.

"Dada yako anasema una sababu."

"Ninayo."

"Basi niambie."

"Ukiisikia utacheka au utalia. Sitaki kuwepo kwa lolote kati ya hayo."

Hebu jiweke mahali pangu. Mtu huyu namsomea maandishi ya chupa za dawa. Namwambia shati lake la leo ni rangi gani. Hakuna alijualo ambalo halijapitia kwangu. Sasa kuna jambo moja tu duniani ambalo ni lake peke yake, na amekwenda kumkabidhi dadake! Mama akadakia kama kawaida yake: "Mwanamume mwenye siri moja bado mzima. Asiye na hata moja ndiye mgonjwa." Nikatoa vyombo, kimoja nikakivunja. Kwa bahati mbaya, niliwaambia.

Jioni, tukirudi kutoka karakana, nilitembea haraka kwa makusudi. Akajikwaa kwenye kifusi cha mchanga, akapiga goti chini. Unajua alisema nini? "Pole." Yeye ndiye ananipa pole mimi! Hasira ikanipanda zaidi.

Na hayo ya maua. Siku zote nilidhani ulifurahi. Si ulicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka?

Mke wa kaka yako


30 Mei

Wifi,

Nilicheza kwa sababu watu walikuwa wananitazama usoni. Tuyaache.

Nipe habari za magoti ya Mama. Mimi ndiyo hivyo, nimekonda, lakini moyo mweupe, maana Karanga amefaulu lile jambo gumu kuliko yote. Tulikuwa barabarani, mimi nimefungwa kitambaa machoni, nimeshika mpini wa mkanda wake. Mwenzangu akawa anakuja na gari taratibu, kama tulivyopanga. Nikamwamuru, "Mbele!" Akakaa. Nikarudia kwa ukali. Akakaa palepale, kisha akajibandika kwenye miguu yangu ili nisipate pa kupita. Nililia, wifi, barabarani mchana kweupe. Kumfundisha mbwa kutii ni kazi ya majuma machache. Kumfundisha akukatalie kwa sababu anakutakia uzima, hiyo inakula miezi, na huipati kwa mbwa asiyekupenda.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa saba kaka atakuja hapa shuleni kwetu wazoeane. Atakuja peke yake. Wewe usije, nasema kwa heshima zote. Wakirudi nyumbani, kwa miezi ya mwanzo chakula cha Karanga kitoke mkononi mwa kaka tu. Kumchana manyoya, kaka. Kumsifu, kaka. Mwingine yeyote asimwite, asimpapase, asimtupie hata ganda la mkate. Mapenzi ya mbwa yakigawanyika mapema, barabarani naye atagawanyika.

Hata wewe, wifi. Hasa wewe.

Wako


19 Agosti

Wifi,

Amerudi. Yaani wamerudi.

Mama anakushukuru kwa shali. Cherehani yangu ya zamani imestaafu, nimenunua nyingine, inaenda kasi mpaka naiogopa. Haya, hizo ndizo habari za nyumbani.

Kaka yako alishuka garini amenyoosha mgongo kama askari wa gwaride. Nikampelekea bega kwa mazoea. Akanigusa shavu. "Usijali," akasema, "nimeshika." Alikuwa ameshika mpini.

Anaongea na mbwa kwa sauti ile. Wewe ni dadake, huijui, lakini mimi naijua, ndiyo aliyoniposea. "Vizuri, mrembo wangu. Taratibu, mrembo wangu." Mrembo wangu! Mimi siku hizi naitwa "sikia" na "chumvi umeiweka wapi". Wakikaa barazani anamchana manyoya huku anamhadithia mambo ya karakana, nani kakata kamba fupi, nani kakalia gundi. Mambo hayo alikuwa ananihadithia mimi njiani. Sasa njiani hatuko pamoja, na akifika nyumbani hadithi zimeshakwisha.

Asubuhi wanatoka. Nabaki mlangoni na bega langu. Yule muuza magazeti wa pembeni ameniuliza, "Siafu, mwenzio kakuacha kwenye msafara?" Nilicheka kwa meno tu.

Nikuulize, na usinifiche: alipokuwa huko kwenu, alikuwa anacheka? Maana amerudi na kicheko ambacho sikukijua.

Mbwa mwenyewe ni mzuri, siwezi kumsingizia. Ana macho kama ya mtu anayetaka kukuuliza jambo halafu anaona haya. Anakula vizuri. Amenenepa kidogo.

Mke wa kaka yako


8 Septemba

Wifi,

Msalimie Mama.

Amenenepa kwa chakula gani? Kipimo chake nilikipanga mimi, na kikombe cha kupimia alipewa kaka. Kaka ameniambia kwenye simu kwamba Karanga siku hizi anageuza kichwa nyuma wakiwa njiani, na akivuliwa mkanda tu anakimbilia jikoni.

Jikoni kuna nani?

Ndiyo, alikuwa anacheka. Nijibu.


1 Oktoba

Wifi,

Mama hajambo, magoti yamepungua. Mvua zimeanza. Jirani amepata mjukuu, sura yote ya babu yake, masikini. Nimepata oda ya mapazia ya hoteli. Kaka yako anakusalimu.

Huku hakuna jipya.

Mke wa kaka yako


17 Novemba

Wifi,

Sijui nianze na salamu ipi. Mama mzima. Kaka yako amevunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo. Mbwa hana jeraha. Nimekupa kwanza yale ambayo ungeyatafuta.

Jikoni kulikuwa na mimi. Ulishajua. Ilianza na ganda la mkate, nikajiambia limeanguka. Kesho yake likaanguka tena. Nilitaka kuona kama naweza. Nilimwambia kimoyomoyo, umenichukulia mume, nami nitakuchukua wewe, tuone atabaki na nani. Alipoanza kusita mlangoni asubuhi, akageuka kunitazama, nilifurahi. Wifi, nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu. Baadaye nikawa nawafuata. Nilikwenda nao sambamba, ng'ambo ya pili ya barabara, mpaka wafike karakana, ndipo narudi kufungua kibanda.

Jumanne nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vioo. Wao wako ng'ambo, wanangoja kuvuka. Karanga akaniona. Nikaona mkia unaanza. Ningeweza kuingia dukani. Ningeweza kugeuka tu nikatazama vioo. Sikugeuka. Nilimtazama machoni nikatabasamu.

Akaja. Akamvuta kaka yako katikati ya barabara, naye akamfuata kwa imani yote, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha. Baiskeli ya mzigo ilikuwa inateremka na makreti ya soda. Mwendeshaji wake alipiga kelele, akakwepa, lakini kreti lilimgonga kaka yako ubavuni, akaangukia mkono. Chupa zikatapakaa njia nzima. Karanga akarudi mbio, akasimama juu yake kwa miguu yote minne, akawa anambwekea kila anayesogea. Nilipofika alinibwekea na mimi.

Hospitalini, akiwa anafungwa plasta, aliniuliza:

"Ulikuwa ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Leo tu?"

"Kila siku."

Akasema, "Nilikuwa nasikia watu wanakusalimu upande ule. Nikajua umepata wateja huko. Nikawa nimefurahi kwa ajili yako."

Wifi, angenifokea ningepona. Hajafoka mpaka leo. Anakaa kitini, ananishukuru kwa kila kijiko.

Karanga naye akifika ukingo wa barabara anakaa chini, hata barabara ikiwa tupu. Leo gari la shule yenu limekuja kumchukua. Alipanda bila kunitazama.

Mimi


5 Desemba

Nitampigia Mama simu Jumapili. Kwa upande wako sina salamu; nikiiandika itakuwa ya uongo.

Umeuliza sana sababu ya kaka. Nilikuwa nimeapa. Leo naivunja ahadi, na usidhani ni kwa wema, nataka uisikie. Aliniambia hivi:

"Mdogo wangu, mimi sijawahi kugombana na mke wangu nikatosheka. Mwanamume mwingine akikasirika anabamiza mlango, anakwenda kupunga upepo, hasira ikiisha anarudi. Mimi nikitaka kuondoka kwa hasira lazima nimwombe yuleyule niliyemkasirikia anishike mkono anitoe nje. Kwa hiyo nameza. Nimemeza mpaka nimeshiba. Na yeye hajawahi kuniona nikirudi kwake. Ananileta tu. Nataka siku moja niondoke, ili nikirudi ajue nimerudi kwa kutaka."

Nilicheka aliposema, kama alivyotabiri kwako. Kisha nikaenda kukaa na mbwa kwa muda mrefu.

Ndicho ulichokivunja. Mkono wake utaunga. Karanga ameharibika, yuko nami, na harudi huko.


9 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu hata kama hutaki salamu yangu. Mama ana kikohozi, lakini ameacha kutema maneno kwa siku mbili tu, ya tatu akarudi kazini. Plasta ya kaka yako imetolewa. Vidole vinafanya kazi, taratibu. Ameanza na viti vya watoto.

Mkono wake uko begani kwangu tena. Kila nilichokililia nimekipata. Asubuhi tunatoka, jioni tunarudi, Siafu wamekamilika, na muuza magazeti amefurahi. Ila mluzi hakuna. Anatembea nyuma yangu kama mzigo uliofungwa vizuri. Juzi nilishindwa, nikasimama katikati ya njia.

"Nikasirikie," nikamwambia. "Hata leo tu. Nitukane, nakuomba."

Akasema kwa upole, "Nikikukasirikia hapa, nitakwenda wapi?"

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka inakatika kwenye mikunjo. Nilicheka, nikalia. Alijua.

Basi nimekuja mlangoni kwako. Mimi, mke mkubwa, naomba mke mwenza arudishwe nyumbani. Niambie cha kufanya nitafanya. Na Mama amenilazimisha niandike maneno yake kama alivyoyasema, huku amenikalia karibu kuhakikisha: "Nyinyi wawili mnamgombea mbwa, mwenye mbwa kakaa kitini. Kama mnataka kugombana njooni mgombane hapa nione."

Neno moja langu, usikasirike. Ni kweli Karanga hawezi, au ni wewe huwezi kumwachia?

Mke wa kaka yako


14 Machi

Wifi,

Mpe Mama asali kwa kikohozi, na mwambie ameshinda.

Neno lako moja lilinikaa kooni siku nyingi. Karanga alianza kuvuka barabara vizuri tangu mwezi wa kwanza. Wakubwa wangu wakiuliza nasema bado. Nimekabidhi mbwa wengi, wifi. Namlea mmoja tangu akiwa anaogopa ndoo, analala kwenye miguu yangu, halafu siku inafika anakuja mtu, namwekea mpini mkononi, nacheka, napiga makofi, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kugeuka nyuma, na ndivyo inavyotakiwa. Huyu alirudi. Alishuka kwenye lile gari akanikimbilia akanilamba uso mzima. Nikasema, hata kama ameletwa na balaa, huyu ni wangu. Ulipomlisha mkate jikoni nilikuona mchawi. Mimi nimekuwa nikimlaza chumbani kwangu kinyume cha kanuni zetu zote. Tofauti yetu ni kitoweo tu.

Kuhusu cha kufanya. Karanga amebakiza jambo moja, na siwezi kumfundisha bila wewe. Nahitaji ng'ambo ya barabara asimame mtu anayempenda, ambaye hatamwita. Hapa hakuna mtu wa namna hiyo zaidi yako. Njooni wote wawili baada ya mwezi huu. Utasimama, na hutafanya lolote. Hutatabasamu, hutamtazama, hata akikulilia. Asubuhi na jioni, mpaka akupite kama anapita nguzo ya taa.

Nakuonya, si kazi nyepesi. Mimi nitakuwa nimesimama ng'ambo kando yako, nafanya vilevile.

Wako


26 Mei

Wifi yangu wa mabandani,

Tulifika nyumbani salama na Karanga siku ile tulipotoka kwenu, na samahani sikuandika mapema. Nyumba imekuwa na pilikapilika. Mama amepona kikohozi. Amesema ile asali ilikuwa nyepesi. Viti vya ukumbi vimekwisha, na kaka yako ameanza vya kanisa moja lenye watu wengi.

Bado naota ile barabara yenu. Siku ya kwanza Karanga aliponiona akalia kama mtoto, nami natakiwa nitazame ukuta wa benki, machozi yananitiririkia shingoni, na wewe kando yangu unaniambia, "Tazama ukuta, wifi, tazama ukuta," na sauti yako mwenyewe inatetemeka. Nilikuwa sijawahi kusimama karibu nawe kiasi kile bila kaka yako kuwa katikati yetu. Na siku aliyotupita sote wawili, kichwa kimenyooka, kaka yako anapiga mluzi, nilijisikia kama nimeibiwa tena. Nilikutazama nikaona nawe umeibiwa. Ndipo ukaniomba leso.

Usinisifu. Wivu haujaisha. Ninapika nao, nashona nao. Kila asubuhi wakitoka nasikia "mrembo wangu" kutoka getini na sindano inanichoma kidole. Lakini siendi ng'ambo.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi.

Kuna shati la kaka yako, lile la mistari, kola imekwisha kabisa. Nimelitia viraka mpaka viraka vimetiwa viraka. Nikalikata, nikalifanya vitambaa vya kufutia cherehani. Akaja kulitafuta kabatini.

"Shati langu la mistari liko wapi?"

"Limechakaa. Nimelikata."

"Umelikata! Ulimwuliza nani?"

"Ulikuwa huoni lilivyo…" Neno likanitoka, nikalishika katikati, lakini lilikwishatoka.

"Sioni, ndiyo!" akasema, na wifi, sauti ilipanda. "Sioni! Lakini nilikuwa navaa! Lilikuwa shati langu, mgongo wangu, na pua yangu inalijua! Kila kitu humu ndani unaona wewe, unaamua wewe, unatupa wewe! Siku moja utanikata na mimi unifutie mashine!"

"Kama una akili ya kuvaa matambara basi kavae!" nikamjibu. Nami nilikasirika kweli, sikuwa naigiza. Shati lilikuwa aibu, majirani wangesema simshonei mume wangu.

"Karanga!" akaita. Akamvalisha mkanda, akakosea kifungo, akarudia. Nilitaka kwenda kumfungia. Mama alinishika gauni kwa nyuma, sijui nguvu kaitoa wapi, magoti yote yale. "Kaa," akaniambia, kama unavyowaambia mbwa wako. Nikakaa.

Kaka yako akafungua mlango, akatoka, akaubamiza. Akaubamiza, wifi! Kalenda ikadondoka ukutani. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na hasira yangu. Nilimwonea wivu Karanga kuliko siku zote, maana yeye alikuwa anajua wako wapi. Nilisikia magari kwenye barabara kubwa. Kila honi nilisimama, nikakaa. Miguu ilikuwa inataka kwenda. Niliishika kwa mikono, kweli kabisa, niliyashika magoti kama mtu aliyefungwa. Nikafikiri, hapa ndipo alipokuwa anakaa yeye miaka yote, mimi nikienda sokoni kwa hasira na kurudi nimepoa. Hakuna aliyemwambia nitarudi saa ngapi.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la jirani nilipowaona wakikata kona. Hawakuwa na haraka. Karanga aliniona tangu mbali, nikamjua kwa masikio. Akatazama mbele. Nami nikatazama ukuta, kama ulivyonifundisha, mpaka akamfikisha getini, akasimama, akangoja asifiwe. "Vizuri, mrembo wangu." Nikameza.

Kaka yako akanyoosha mkono, akapapasa hewa mpaka akagusa nywele zangu. Alikuwa na jasho, na vumbi la mtaa wa mbali ambao simpitishi kamwe.

"Uko hapa," akasema.

"Niko hapa. Umerudi."

"Nimerudi." Akakaa kwenye ngazi, akanisukuma kidogo kwa nyonga nimpishe. "Bado nimekasirika. Nimeona nije nimalizie nyumbani."

Wifi yako